Kampuni Iliyomshika Mwanawe

Nilipopangiwa kufundisha Garissa nilimwacha binti yangu Kitui kwa mama yangu. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea bila kushika ukuta. Basi lilipofika kwenye daraja la Tana askari walitushusha ili wakague vitambulisho, na nikiwa kwenye foleni juani nilijiambia kwamba nitafundisha mwaka mmoja, niombe uhamisho, nirudi. Mwaka ukaisha nikiwa bado pale, na mwingine ukaanza.

Chumba nilikipata kwa mjane mmoja wa Kisomali aliyekuwa na duka la vitambaa sokoni. Wapangaji wote walimwita Hooyo, yaani mama, nami nikamwita hivyo. Yeye aliniita Mwalimu, hata siku za Jumapili nilipokuwa nimechuchumaa kwenye beseni nikifua, kanga kiunoni. Tuliongea Kiswahili, kwa kuwa Kisomali changu kiliishia kwenye salamu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chepesi na cha haraka, na mara nyingi p yake ilitoka b, v ikatoka f, na "anasema" ikawa "nasema". Kampuni kwake ilikuwa kambuni. Baada ya muda na mimi nikawa naisema hivyo shuleni bila kujua, wanafunzi wakacheka.

Mabinti zake walikuwa wameolewa, mmoja Wajir mjini, mwingine kule Buna. Mwanawe wa kiume alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa Malaysia. Alikwenda kusomea uhandisi, akamaliza, akaajiriwa huko huko na kampuni moja ya kigeni. Kampuni hiyo haitengenezi chipu, vile vipande vidogo vinavyofanya simu na kompyuta zifikiri. Inatengeneza mashine za kutengenezea chipu, mashine kubwa kama lori, kisha inaviuzia viwanda vya Malaysia, Taiwan, Korea na Uchina. Kazi ya kijana ilikuwa kuzifunga mashine hizo zikifika na kuzitunza zikishaanza kazi. Majirani walipomuuliza mwanao anafanya nini huko, Hooyo alijibu kwa fahari, "Natengeneza mashine ya kutengeneza kitu ya simu," na akibanwa zaidi alibadilisha mazungumzo.

Kijana alipiga simu kila Ijumaa. Alikuwa mtoto mzuri, hakuruka hata Ijumaa moja nikiwepo. Lakini maneno yake yalikuwa machache. Niko sawa, Hooyo. Kazi iko sawa. Nimekula. Mama anaposikia "niko sawa" kwa miaka yote hiyo, linakuwa kama mlango uliofungwa kwa adabu. Hooyo alikuwa akimkaangia nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo na kuhifadhiwa ndani ya samli, akampa yeyote aliyesikia anakwenda Malaysia. Mara nyingi iliishia mikononi mwa watu wa forodha. Yeye aliendelea kukaanga.

Asubuhi moja, nikiwa nakunywa chai kabla ya kwenda shule, aligonga mlango wangu akiwa na redio mkononi.

"Mwalimu, wewe nafundisha biashara. Redio nasema soko ya Asia imeanguka. Imeanguka ya bei, ama imeanguka ya jengo?"

"Ya bei, Hooyo."

"Alhamdulillah," akasema, akakaa kizingitini. Kisha akainua uso. "Bei ya nini?"

Nikamweleza kadiri nilivyojua. Kwamba kuna watu wenye hisa katika makampuni, na watu hao wameingiwa na wasiwasi. Wanaogopa kwamba viwanda vya Asia vimenunua mashine nyingi kuliko kazi iliyopo, na kwamba mataifa makubwa yanazuiana kuuziana mashine hizo. Kuzuiana alikuelewa mara moja. Vitambaa vyake vingi vilipitia Liboi, na mpaka ulipofungwa alikuwa akikaa dukani na rafu tupu.

"Na kambuni ya kijana?"

Nikatafuta kwenye simu. Bei ya hisa zake ilikuwa imeshuka pamoja na nyingine. Chini ya habari hiyo palikuwa na sauti iliyorekodiwa ya mkutano wa wakubwa wa kampuni na wawekezaji wao, ambao ulifanyika usiku uliopita sisi tukiwa tumelala. Nilimwambia tu kwa kumwarifu. Yeye akasema, "Ukitoka shule tutasikiza."

Tulisikiliza baada ya sala ya alasiri, tumetandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, chupa ya chai ya maziwa ya ngamia katikati yetu. Nje ya geti mbuzi walikuwa wakigombania katoni, na korongo wale wenye vipara walikuwa wamejipanga juu ya nguzo za umeme kama wanaosubiri kuhudumiwa. Kwanza aliongea mwanamke aliyesoma onyo refu.

"Nasema nini?"

"Anasema mambo watakayoyasema kuhusu siku za mbele huenda yasitokee, mtu asije akawalaumu."

"Si aseme insha'Allah tu, tuendelee."

Nilicheka mpaka nikalazimika kurudisha sauti nyuma. Halafu akaja mkubwa wa kampuni, mzee mwenye sauti ya upole. Nilikuwa nikisimamisha kila baada ya sentensi chache na kumtafsiria: mauzo yamekuwa mazuri, lakini wateja kadhaa wa Asia wamesogeza maagizo yao mbele. Hawajayafuta, wamesogeza tu. Miezi ijayo wanaitazama kwa uangalifu. Hooyo alisikiliza akiwa amefumba macho, tasbihi ikipita vidoleni. Sauti ilipokwisha akafumbua.

"Wamemtaja?"

"Nani?"

"Kijana."

Nikakumbuka kwamba karibu na mwisho yule mzee aliwashukuru wafanyakazi wao wa Asia kwa bidii yao katika kipindi kigumu. Nikamwambia. Akaniomba nirudishe hapo. Nikarudisha. Akaichukua simu akaiweka sikioni, ingawa Kiingereza hakukijua, akasikiliza maneno yale mara ya pili na ya tatu.

"Wafanyakazi wa Asia," akasema. "Hiyo ni yeye."

Jioni ile wanawake waliokuja kutuuzia maziwa waliambiwa kwamba mkubwa wa kampuni amemshukuru mwanawe mbele ya matajiri. Sikuona sababu ya kuongeza neno.

Tangu hapo kila kampuni ilipotoa taarifa ya robo mwaka sisi tulikuwa na siku yetu. Siku ya kambuni. Aliipikia. Sambusa, au anjera, ile mikate laini kama chapati za maji, na mchuzi, kana kwamba wale wazee wa ng'ambo wangekuja kula. Mimi nami nikaanza kuingoja. Nilikuwa nimezoea kumaliza vipindi, kufunga mlango na kumpigia mama yangu ili nisikie binti yangu akipumua kwenye simu, maana alikuwa hajui kuongea nayo. Sasa nilikuwa na mtu wa kusubiri naye.

Kijana alikuwa ameahidi kuja Idd. Kisha akasema likizo imekataliwa, kazi ni nyingi, kiwanda kimoja kinafunga mashine mpya. Hooyo alipolisikia jambo hilo akawa anapanga vitambaa dukani na kuvipangua. Alipoanza kuongea alikuwa amekwisha kulifikiria mpaka mwisho.

"Kwa hivyo kambuni ikiwa na raha, mimi nakaa bila mtoto."

"Ndivyo inavyoelekea."

"Na ikiwa na shida?"

"Ikiwa na shida, labda wateja wataagiza mashine chache. Labda atapata nafasi."

Nilitamani baadaye nisingesema "labda" ile ya pili. Maana kuanzia hapo kila jioni aliniuliza, "Imeshuka?" na habari kutoka Asia zilipokuwa mbaya uso wake ulikunjuka. Mimi pia niliambukizwa. Niliona rangi nyekundu kwenye simu, wachambuzi wakishauri watu wakae mbali na hisa za makampuni ya mashine, na moyo wangu ukachangamka kwa ajili ya kijana nisiyemjua, au pengine kwa ajili yangu, niliyekuwa nikisubiri barua ya uhamisho ambayo haikuja. Nilitaka kuona mtu mmoja wa uani kwetu akirudishiwa wake.

Siku moja tulikuwa tukichambua mchele. Alisimama katikati ya kazi.

"Mwalimu, nikiomba ishuke, naomba riziki ya mtoto wangu ipungue. Nikiomba ipande, naomba asikuje. Sasa niombe nini?"

"Omba aje."

"Hiyo ndiyo naomba. Lakini Mungu atapitisha wapi, sijui. Mimi naogopa ile njia."

Ijumaa iliyofuata kijana alipopiga, Hooyo alimwambia kwamba sisi husikiliza mikutano ya kampuni. Niliitwa nije kwenye video nithibitishe. Nikamwona: kijana mwembamba mwenye miwani, nyuma yake ukuta mweupe usio na kitu.

"Mwalimu, umemfanya Hooyo mwekezaji!" akasema kwa Kiswahili, akicheka. "Hata mimi mwenyewe sisikilizi hiyo mikutano."

Mama akamuuliza jambo kwa Kisomali. Kicheko kikakoma. Nikaondoka kuwaachia nafasi, lakini kutoka jikoni niliona waliongea muda mrefu kuliko kawaida yao. Baadaye Hooyo alikuja kunisimulia. Alimuuliza kama watu wanafutwa kazi, naye akakiri, wengine wameondoka. Kisha, labda kwa kumtoa kwenye wazo hilo, alimweleza kwa mara ya kwanza jinsi kazi ilivyo. Kwamba mahali pa zile mashine ni pasafi kuliko chumba cha upasuaji, na simu haiingii. Kwamba huvaa nguo nyeupe inayofunika kila kitu isipokuwa macho.

"Nikamwambia, basi nafaa niqab kama mimi. Akacheka sana." Hooyo mwenyewe alikuwa akicheka, machozi yakimtoka. "Nasema bunje moja ya fumbi naharibu kazi yote. Akaniuliza fumbi ya Garissa bado iko? Nikamwambia iko, nakungoja wewe."

Mkutano uliofuata ulikuja kipindi wasiwasi wa Asia ulikuwa umefika juu kabisa. Hata wenye duka la vifaa vya simu mtaani walikuwa wakiuongelea. Hooyo alifunga duka mapema. Mzee wa sauti ya upole alisema maagizo mapya yamepungua, na mimi nikatafsiri, na yeye akatikisa kichwa taratibu. Kisha wakaja waulizaji. Mmoja, kwa sauti alikuwa bado kijana, aliuliza swali moja kwa moja: wateja wa Asia wakiacha kununua, kampuni itabaki na nini cha kuwapa wenye hisa?

Mzee alijibu bila kusita. Alisema mashine zilizokwisha kuuzwa zipo, zinafanya kazi mchana na usiku, na lazima zitunzwe. Mafundi wetu wanaishi karibu na wateja, hawaendi popote. Fedha za matengenezo zitaendelea kuingia hata soko likilala. Kwa hiyo wawekezaji wasiwe na hofu.

Nilitafsiri yote, neno kwa neno, kwa mazoea, mpaka nilipofika mwisho ndipo nikasikia nilichokisema.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Hawaendi bobote?"

"Amesema hivyo."

Tasbihi ilikuwa imesimama. "Kwa hivyo hiyo mtu ya hisa akiogopa, huyo mzee natumia mtoto wangu kumpa moyo."

Kwa upande wa kampuni lilikuwa jibu zuri, na mtu yeyote mwenye hisa angelala vizuri kwa kulisikia. Asubuhi yake bei ilipanda. Lakini alasiri ile, tukiwa bado mkekani, Hooyo aliniuliza ni nani wanaoruhusiwa kuuliza maswali pale. Nikamwambia ni wachambuzi, watu wanaofanyia kazi wenye hisa nyingi.

"Mama haulizi?"

"Hapana, Hooyo."

Akainuka, akaanza kukunja mkeka upande wake, ingawa mimi nilikuwa bado nimekaa upande wangu.

Idd ikapita. Alipika, akagawa, akawapokea wageni, akavaa dera jipya. Aliniletea sahani yangu, akarudi kwa wageni. Aliacha kuuliza kama imeshuka. Redio ilipoanza habari za masoko aliizungusha akatafuta Qur'ani.

Kisha kijana akaja. Hakuna mchambuzi angeweza kutabiri. Kampuni ilikuwa imempeleka Ulaya kwa mafunzo ya mashine mpya, na wakati wa kurudi akawasihi wampe siku chache, akapitia Nairobi, akapanda basi. Mimi nilikuwa bombani nikinawa chaki. Niliona mtu mwenye begi dogo amesimama ndani ya geti, amevua miwani, anaifuta vumbi kwa ncha ya shati, kana kwamba hana haraka yoyote.

Hooyo alitokea jikoni, mikono imejaa unga wa anjera. Nilidhani atapiga kelele. Alimkaripia.

"Mbona hukusema? Sijapika kitu!" Alisema kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu alikuwa ameanza kuongea na mimi kabla hajamwona.

"Ningesema, halafu wangebadilisha tena," kijana akajibu, naye kwa Kiswahili. "Sikutaka ungoje tena."

Hapo ndipo alipomfikia. Akamshika kichwa, masikio, mabega, viganja, akimpaka unga kila alipomgusa, na kijana, mtu aliyeishi kwa kuogopa chembe ya vumbi, akasimama pale mweupe wa unga na hakujifuta. Niliingia chumbani nikafunga mlango. Nililia kwa ajili ya binti yangu.

Siku zake zilikuwa za kawaida kabisa. Alilala. Alikula nyirinyiri yote iliyokuwepo, akisema safari hii forodha wataikuta tumboni. Alitengeneza feni ya mama yake na pasi yangu. Adhuhuri mama alikuwa akija kutoka dukani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa tu karibu naye.

Nilingoja amuulize atarudi lini moja kwa moja. Hakuuliza. Nikauliza mimi, alasiri moja tukiwa nje.

"Kampuni itakuwaje, kwa maoni yako? Hali ya Asia itatulia?"

Alifikiri. "Mwalimu, mimi najua mashine. Ikianza kuugua naisikia kabla haijasimama. Mambo ya mwaka ujao wanayajua wale wa mikutano, na nadhani hata wao wanabahatisha. Wenzangu wawili wameondolewa. Mashine zao ninazo mimi sasa."

"Na kurudi?"

"Natamani." Alitazama mikono yake. "Lakini kutoka Mombasa mpaka Mandera hakuna mashine hata moja ya aina ile. Nikirudi hapa, ni kama nimerudi bila hii mikono."

Aliondoka na basi la asubuhi. Mama yake hakwenda stendi. Alimsindikiza mpaka kona ya duka la dawa, akasimama hapo, kisha akaenda kufungua duka lake kama siku nyingine. Jioni nilimuuliza kwa nini hakumwambia abaki.

"Nimwambie, apate haya ya kunikatalia? Amekula. Amelala. Nilisikia akikoroma, Mwalimu. Hiyo ya kukoroma nilikuwa nimesahau kabisa."

Barua yangu ya uhamisho ilikuja muhula uliofuata. Niliifurahia, kisha nikashangaa jinsi ilivyokuwa vigumu kufunga masanduku. Hooyo alinipa dera la kijani na chupa ya samli, akaniombea dua ndefu kwa Kisomali ambayo sikuielewa ila jina la Mungu, na hakuniangalia mwishoni.

Nyumbani binti yangu alijificha nyuma ya gauni la mama yangu. Alimwita bibi yake mama. Mimi aliniita Mwalimu, maana ndivyo alivyozoea kusikia: mwalimu anapiga simu, njoo uongee na mwalimu. Usiku ule sikula. Kesho yake nilimpigia Hooyo nikamwambia yote.

"Usimlazimishe," akasema. "Usimuulize maneno mingi. Mbe chakula, kaa karibu. Bole bole."

Ndivyo nilivyofanya, na ilichukua muda. Sasa analala kitandani kwangu na kunipiga mateke, na bado mara moja moja jina la Mwalimu humtoka.

Nafundisha kwenye shule yenye miti na ubaridi wa asubuhi, vitu nilivyovilia nikiwa Garissa. Lakini alasiri, vipindi vikiisha, hujikuta nikitafuta kivuli cha ukuta. Nakosa lile joto lenyewe. Nakosa adhana za misikiti zikipishana kidogo, na harufu ya uvumba ikitoka chumbani kwake jioni. Bado nasoma habari za kampuni ile, ingawa sina hisa hata moja. Wachambuzi wanasema mbele kuna matumaini, kwa tahadhari.

Majuzi alinipigia. Kijana amehamishwa, yuko Korea.

"Korea iko karibu ya Malaysia, ama nazidi?"

"Inazidi, Hooyo. Ni mbali zaidi."

Nilisikia lori likipita nyuma yake, na mtu akiuliza bei ya kitambaa, naye hakumjibu.

"Huko Kitui mfua imenyesha?" akauliza.

"Imenyesha. Tumepanda mahindi na pojo."

"Hapa bado," akasema. "Asubuhi kuna mawingu, halafu nakwenda." Tukaendelea na habari za mvua, tukizungushazungusha, mpaka salio lake likaisha, nami nikampigia.